Dada anameza vitatu, mimi kimoja kinaniangusha

Chaki ndiyo iliyonisema. Nilikuwa kidato cha nne B, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko ya saa nne, nachora ubaoni zile njegere za Mendel, ndefu kwa fupi. Nikaanza kuandika herufi T kubwa. Mstari wa wima ukashuka, ukapita pa kuishia, ukaendelea kushuka hadi kwenye ubao mwembamba wa kuwekea dasta. Nilizinduka chaki ilipovunjika. Darasa lilikuwa kimya, kile kimya cha watoto wanaosubiri mmoja wao aanze kucheka. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Nilikuwa nimelala nimesimama. Farasi huweza. Mwalimu wa Baiolojia mwenye miaka kumi na sita kazini hatakiwi kuweza.

Jina walikuwa wameshanipa wiki hiyo hiyo: Kobe. Nililisikia nyuma ya maabara, wala sikukasirika, kwa sababu lilikuwa linanifaa. Natembea taratibu, nageuza shingo taratibu, nikiulizwa swali jibu linachukua muda kutoka ndani ya gamba. Na chupa ya maji mkononi muda wote, maana mdomo ulikuwa umekauka kiasi kwamba nikitamka "kromosomu" ulimi unanata juu na neno linakatikia katikati.

Nirudi nyuma kidogo. Mama yetu alifariki mwezi wa tatu, kule kijijini Kongwa. Tulizika, tukamaliza tanga, nikarudi Nkuhungu kwenye nyumba yangu na kazi yangu. Sikulia sana. Nilichoanza kukosa ni usingizi. Saa nane za usiku naamka, nasikiliza upepo wa Dodoma unavyochezea bati lililolegea, hadi jogoo wa jirani anaanza. Kisha hamu ya kula ikaondoka. Kisha nikawa nasahihisha daftari moja kwa dakika arobaini, nikifika chini nimesahau juu. Ilipofika mwezi wa saba suruali zangu zote zilikuwa zinashikiliwa na mkanda, na kichwani kukawa na wazo moja lililokuja kwa upole kabisa, kama mgeni mwenye adabu: kwamba nyumba hii ingekwenda vizuri tu hata bila mimi. Siku niliyomwambia mke wangu wazo hilo, hakubishana nami. Alifunga khanga, akampeleka mtoto kwa jirani, tukapanda bajaji.

Hapa Dodoma safari ya namna hiyo ina uzito wake. Mirembe kwetu ni hospitali ya wagonjwa wa akili, lakini pia ni utani na tusi. Mtoto akichelewa kujibu anaambiwa apelekwe Mirembe. Kwa hiyo nilimwomba dereva atushushe mbali kidogo na kituo tulichokwenda, ambacho hata hakikuwa Mirembe, kilikuwa kituo cha kawaida tu. Tukamalizia kwa miguu katika vumbi, kama watu wanaokwenda kununua nyanya.

Daktari alisikiliza, hilo silikatai. Akasema ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na dawa ipo. Dirishani nikapewa bahasha ndogo ya kaki. Vidonge vidogo vya mviringo, vimehesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, na juu ya bahasha imeandikwa kwa kalamu ya bluu: amitriptilini 25 mg, 1 x 1 usiku. Baada ya wiki moja niongeze kiwe 2 x 1. Basi. Karatasi ya maelezo hubaki kwenye kopo, na kopo hubaki dirishani.

Usiku wa kwanza nililala kama gogo, nikashukuru Mungu. Wa pili hivyo hivyo. Kufika wiki ya pili, vidonge viwili, usingizi ulikuwa umevuka mpaka wake. Ulikuwa unanifuata bafuni, kwenye daladala, paredi ya asubuhi. Choo kikawa kigumu. Mkojo nao ukawa wa kubembeleza, nasimama pale kama mtu anayesubiri mtandao. Na kila nikiinuka ghafla, dunia inazimwa taa. Jumapili moja kanisani tuliposimama kwa ajili ya Injili nikaona giza, miguu ikaisha, nikarudi kukaa juu ya kikapu cha mama wa pembeni yangu. Kilikuwa na mayai ya sadaka. Yule mama hakusema neno, alinipa tu kitambaa nijifute, na mpaka leo akiniona anavuta kikapu chake karibu.

Nilirudi kituoni nikaeleza yote. Nikaambiwa, "Utazoea, mwalimu, ni maudhi ya mwanzo." Na kweli wapo wanaozoea, maudhi mengi ya dawa hizi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Lakini kwa kuwa huzuni ilikuwa bado ipo, dozi ikapandishwa: 3 x 1.

Usiku wa tatu wa dozi hiyo nilitoka kwenda choo cha nje, nikaangukia ukingo wa mlango wa bati. Kovu liko juu ya nyusi ya kulia. Asubuhi yake nikaificha bahasha juu ya kabati na kujiapiza kwamba mimi na vidonge basi. Hilo nalo lilikuwa kosa. Siku ya tatu nikaanza kichefuchefu, jasho, na ndoto ndefu za kuchosha ambamo nilikuwa nasahihisha mitihani ya maiti. Dawa hizi hazikatwi kama uzi, hupunguzwa hatua kwa hatua, ila hilo lilikuwa halijaandikwa kwenye kaki.

Ndipo akaja dada.

Dada yangu mkubwa anaishi Mpwapwa. Ana kisukari cha miaka mingi, na kisukari kilimwingia kwenye mishipa ya fahamu ya miguu: ganzi mchana, moto usiku, anasema ni kama kukanyaga makaa yaliyofunikwa na majivu. Alikuja na furushi la karanga kuniangalia. Baada ya kula alifungua pochi, akatoa bahasha yake, akameza vidonge vitatu kwa maji ya kikombe kimoja. Nikaomba nivione. Tukaiweka bahasha yake na yangu mezani chini ya taa, tukamwaga kimoja kimoja. Rangi ile ile, ukubwa ule ule, alama ile ile iliyopigwa katikati. Hata jina kwenye kaki lilikuwa lile lile. Yeye alipewa kwa ajili ya miguu, mimi kwa ajili ya kichwa, kwa sababu dawa hii hutibu vyote viwili.

"Vitatu hivi nimemeza miaka miwili," akasema. "Saa kumi na moja nimeshaamka, natwanga. Mdogo wangu, nikwambie ukweli? Wewe tangu utotoni ulidekezwa. Mama alikuwa anakupa maziwa ya juu."

Tulicheka, lakini liliniingia. Shemeji yangu alisema tuombe zaidi. Baba mdogo alipiga simu kutoka kijijini kusema kuna mzee anayejua kuangalia mambo kama haya, maana dawa ikimkataa mtu ujue kuna mkono. Mimi mwenyewe niliona maelezo ni rahisi zaidi: tumbo moja, kidonge kimoja, yeye anatwanga na mimi natambaa, basi kasoro iko kwenye roho yangu. Nikarudia dawa, viwili kila usiku, kwa aibu.

Nina shahada ya ualimu wa Baiolojia. Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu kwamba ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana kundi la damu, na kwamba mmoja anaweza kuwa na sikoseli na mwingine asiwe nayo. Haikunijia hata siku moja kwamba somo lile lingeweza kunihusu mimi na bahasha.

Kilichonitoa gizani ni malaria. Dodoma mjini haituandami sana, ila nilikuwa nimekwenda Bahi kwenye msiba, nikalala siku tatu karibu na majaruba ya mpunga bila neti. Wiki mbili baadaye homa. Nikapima, nikapewa mseto, zile nne asubuhi na nne jioni kwa siku tatu. Siku ya pili jioni moyo ulianza kwenda mbio kama unakimbizwa, kisha unaruka pigo, kisha mbio tena. Nikawa nazungumza maneno yasiyoeleweka. Mke wangu anasema niliita majina ya wanafunzi. Bajaji tena, safari hii kituo kingine.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, nadhani hata nilishawahi kufundisha wakubwa kuliko yeye. Swali lake la kwanza lilikuwa ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dawa gani nyingine anatumia?" Mke wangu akafungua pindo la khanga akatoa ile bahasha ya kaki. Daktari akaisoma, akanyoosha mkono kuomba boksi la mseto, akatoa ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara kumi ambayo sote huwa tunaitupa. Akaifunua juu ya kitanda, juu ya magoti yangu kabisa, akashuka na kidole mpaka mstari mmoja, akaniinamia.

"Unasoma, mwalimu?"

Nilisoma. Pale palieleza kwamba kiungo kimoja cha mseto, lumefantrini, huzuia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, na kwamba tahadhari inatakiwa kwa mtu anayetumia dawa zinazosagwa na kimeng'enya hicho. Kati ya zilizotajwa kwa majina, amitriptilini ilikuwemo.

Walinipima umeme wa moyo, wakanilaza usiku mmoja chini ya uangalizi, mseto nikaumaliza, amitriptilini ikasimamishwa. Daktari hakudai kwamba anajua kwa hakika kilichofanya moyo ukimbie. Homa yenyewe hufanya hivyo, alisema, na nilikuwa nimekaukiwa maji. Lakini alivuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari wa zamu hawana muda nalo, akaniuliza kuhusu siku ya kwanza, kidonge kimoja, ulimi kunata, kanisani, mayai. Aliandika yote. Kisha akauliza: "Nyumbani mna simtanki?"

Dodoma nani hana simtanki, na maji yenyewe ya mgawo?

"Basi ini lako ni simtanki," akasema. "Kila usiku unamimina ndoo moja ya dawa. Chini kuna bomba la kutolea. Kama bomba ni zima, maji yanaingia na kutoka, tangi linabaki nusu. Kama bomba ni jembamba, ndoo ile ile moja kila siku, wiki mbili tangi linamwagika. Hujazidisha ndoo. Bomba ndilo tofauti." Amitriptilini, aliendelea, ina mabomba mawili makubwa. La kwanza, CYP2C19, huigeuza kuwa nortriptilini, ambayo nayo ni dawa inayofanya kazi. La pili, CYP2D6, ndilo humalizia kuiondoa. "Na upana wa mabomba hayo, mwalimu, umeurithi kwa wazazi."

Nililala pale na dripu mkononi nikamwona Mendel amekaa ukingoni mwa kitanda.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya bomba hilo la pili, CYP2D6, moja ya baba, moja ya mama. Kuna nakala nzima, kuna goigoi, kuna iliyokufa kabisa, na kuna watu waliorithi nakala za ziada ambao bomba lao ni kama la zimamoto. Tuseme baba yangu alikuwa na moja nzima na moja goigoi, na mama hivyo hivyo. Wazazi wote wawili wazima wa afya, hakuna dalili yoyote, maana hapakuwa na kidonge cha kuwajaribu. Kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nzima mbili, na nafasi moja kati ya nne ya kupata goigoi mbili. Ni hesabu ile ile ya sikoseli ninayoiandika ubaoni kila mwaka. Dada anaweza kuwa alichukua nzima mbili, mimi nikazoa zile nyingine. Maziwa ya juu hayahusiki.

Nasema "anaweza" kwa makusudi. Sikupimwa vinasaba, wala dada hakupimwa. Daktari alinitibu kwa kunitazama. Ila baada ya kupona nilisoma kwa ulafi wa mtu aliyeitwa mvivu muda mrefu, na niliyoyakuta yalinifariji kwa namna ambayo maombi ya shemeji hayakuweza, Mungu anisamehe.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni cha London, miaka ya 1970. Robert Smith, profesa wa mambo ya dawa, alimeza pamoja na wenzake wa maabara dawa ya presha iitwayo debrisokwini, kipimo kidogo, kwa ajili ya utafiti. Wenzake hawakuona kitu. Yeye presha ikaporomoka, kizunguzungu, akaanguka. Mtu mwingine angesema sikula asubuhi. Yeye na wenzake walifuatilia, wakapima mikojo ya watu, wakakuta kwamba kuna binadamu ambao mwili wao hauwezi kabisa kuisaga dawa ile, na kwamba hali hiyo hurithiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977. Kimeng'enya walichokuwa wanakitafuta ndicho leo kinaitwa CYP2D6. Kwa hiyo profesa wa London aliangushwa na kitu kile kile ninachodhani kiliniangusha mimi juu ya mayai ya sadaka. Naomba kukiri kwamba hili linanipa raha isiyo na maana yoyote.

Kabla yake, mwaka 1969, watafiti wa Uswidi walikuwa wameshawapa mapacha nortriptilini na kupima damu zao. Mapacha wa kufanana damu zao zilikuwa na viwango vinavyokaribiana. Wasiofanana, wale ambao ni ndugu tu waliozaliwa siku moja, viliachana. Mimi na dada tumepishana miaka tisa, lakini kwa ini sisi ni kama mapacha wasiofanana.

Na sisi huku Afrika? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mwaka 1996 mtafiti wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, na wenzake walieleza nakala ya jeni hiyo inayopatikana sana kwa Waafrika weusi, CYP2D6 nyota 17, ambayo kimeng'enya chake hufanya kazi kwa uvivu. Tafiti zilizofanywa kwa Watanzania na kuchapishwa mwaka 1999 zilionyesha kwamba wengi wetu husaga debrisokwini taratibu kuliko Wazungu. Mwaka ule ule wa 1996, utafiti wa Ethiopia ulikuta kinyume chake: karibu watu 29 katika kila 100 walikuwa na nakala za ziada, mabomba ya zimamoto. Ethiopia si mbali. Ni Kenya tu iko katikati. Mtu akikwambia "dozi ya Mwafrika", mwulize Mwafrika yupi, na hata ukishuka hadi nyumba moja ya Kongwa swali bado lipo.

Kuhusu hao wa bomba la zimamoto, nilimkumbuka mama mmoja wa benchini, kituo cha kwanza. Tulisalimiana mbukwenyi, tukawa tunasogea pamoja kuelekea mlango. Alilalamika kwamba kila akija anaambiwa hamezi dawa, kwa sababu hali haibadiliki. Siku hiyo alikuwa amebeba bahasha zote tupu za miezi minne, amezifunga kwa mpira, kama mtu anayekwenda mahakamani na risiti. Sijui bomba lake likoje, na dawa ya sonona inaweza kushindwa kwa sababu nyingi. Lakini kama ni zimamoto, alikuwa anameza kila usiku kwa uaminifu na ini linamwaga kabla dawa haijagusa kitu. Na sisi tuliokuwa kwenye benchi, mimi nikiwemo, tulimtazama zile bahasha tukafikiri anazimwaga chooni.

Miongozo ya kimataifa inayohusu jeni na dawa inasema kwamba mtu ambaye CYP2D6 yake haifanyi kazi, ni afadhali asipewe amitriptilini kwa ajili ya sonona, na akilazimika kupewa aanzie karibu nusu ya dozi. Daktari wangu hakuwa na kipimo cha jeni, alikuwa na masikio. Alisubiri malaria iishe na dawa ya zamani itoke mwilini. Kisha akanianzishia fluoksetini, kapsuli ya 20 mg, asubuhi, siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki mbili, kwa sababu nayo husagwa kwa sehemu na bomba lile lile. Akanionya kwamba fluoksetini yenyewe hulifunga bomba hilo, tena kwa nguvu, na hukaa mwilini wiki kadhaa hata baada ya kuacha. "Kwa hiyo usije ukalala vibaya siku moja ukaazima cha dada," akasema. "Kwako kimoja chake kinaweza kuwa kama vinne." Nikamwambia dada anakaa Mpwapwa. Akasema mabasi yapo.

Wiki ya kwanza nilikuwa na wasiwasi wa mikono, kama nimekunywa kahawa nyingi. Ukapita. Wiki ya pili, ya tatu, hakuna kitu. Nilishaambiwa hakutakuwa na kitu, kwamba dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, lakini kuambiwa na kusubiri ni mambo mawili. Mstari ubaoni ulikuwa unaishia panapotakiwa, hilo tu ndilo nililoweza kulihesabu. Wiki ya sita, Jumanne, tumekaa kula ugali wa mtama na mlenda. Nikasema, "Mama Neema, mlenda huu hauna chumvi."

Aliweka mwiko chini. Akajifunika uso na khanga, akalia, mtoto akashangaa. Miezi saba nilikuwa nakula chochote kinachowekwa mbele yangu bila kujua ni nini.

Sitaki mtu asome haya akadhani jeni ni kila kitu. Kule Marekani mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya jaribio la wanajeshi wastaafu 1,944 wenye sonona. Nusu yao madaktari walipewa majibu ya vinasaba kabla ya kuchagua dawa. Waliopimwa hawakupewa sana dawa zinazogongana na jeni zao, na katika wiki za katikati waliopona walikuwa wengi kidogo zaidi. Kufikia wiki ya 24 tofauti ya kupona ilikuwa imefifia. Bomba husema dawa itakaa kiasi gani kwenye tangi, halisemi huzuni itaondoka. Umri unaingia, ini lenyewe likiwa na ugonjwa linaingia, dawa nyingine unazomeza zinaingia, kama mseto ulivyoniingia mimi. Na jeni haikumzika mama yangu. Nililazimika kwenda Kongwa, kukaa kwenye kaburi, na kulia kilio ambacho nilikuwa nimekiahirisha tangu mwezi wa tatu. Sina hakika kama fluoksetini ndiyo iliyonipa nguvu ya kupanda basi lile au vinginevyo, na siku hizi sijiulizi.

Mwaka huu kidato cha nne B ni wengine. Nilipofika kwenye njegere niliongeza mfano mmoja, wa kaka na dada na kidonge, bila majina. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyo kaka alipona?" Nikamwambia aandike swali la kwanza kwanza.

Wiki iliyopita dada alipiga simu. Amepata somo lakini nusu. Jirani yake pale Mpwapwa ana mawazo mengi tangu mumewe aondoke, halali, hali, na dada amemwonea huruma.

"Nimekumbuka uliyosema," akasema. "Kwa hiyo sitampa vitatu. Nimpe kimoja?"

"Hapana, dada."

"Nusu, basi. Nitakata kwa kisu."

"Hata robo. Umemwuliza anatumia dawa gani nyingine?"

Kimya. Nikasikia anaita upande wa pili, sauti ya mwanamke ikajibu kitu kwa mbali.

"Anasema za presha. Na juzi alimaliza mseto."

Nikasimama, taratibu, kama ninavyosimama siku hizi. "Dada, zirudishe kwenye pochi. Mwambie aje na bahasha zake zote, na lile boksi la mseto asilitupe. Nitampokea stendi."

"Nauli?"

"Nitatuma kwenye simu."